Vyumba vya Nyuma

Kamugisha alikuwa mwashi, na watu wa mtaa wa Mlango Mmoja walimwita Fundi hata kanisani. Alizaliwa Kanyigo, huko Bukoba, akafundishwa kujenga na wamisionari, akaja Mwanza kwa meli mwaka wa arobaini na nane akiwa na mwiko, timazi na anwani ya binamu ambaye alikuwa ameshahama. Kurudi hakuweza. Kibanja cha baba yake, yaani shamba la migomba, kilikwenda kwa kaka yake mkubwa, na ile migomba haikuwa na nafasi ya mtu wa pili. Basi akakaa. Akamwoa Josepha, wakapata binti mmoja, Renatha, ambaye wakati wa habari hii alikuwa ameolewa Biharamulo.

Walikaa kwenye kiwanja cha Bwana Shaibu, nyuma kidogo ya barabara, pale ardhi inapoanza kuteremkia mto Mirongo. Zilikuwa kaya kumi na moja. Kila kaya ilijijengea kibanda chake cha udongo na kukiezeka kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, ikawa inamlipa Shaibu kodi ya uwanja tu. Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Paskazia, mjane aliyekaanga samaki na kuwauza pale pale barabarani. Kamugisha alikuwa mjumbe wao wa nyumba kumi. Tena alikuwa msimamizi wa ujenzi wa huyo huyo Shaibu, mwaka wa tisa sasa. Kazi hizo mbili, ya kuwasemea wapangaji na ya kumjengea mwenye kiwanja, zilikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana hadi mwaka wa sitini na tisa.

Shaibu alikuwa mtu wa makamo, baba yake Mwarabu wa Tabora na mama yake Msukuma wa Nera. Alianza na biashara ya ngozi, akaongeza malori, kisha akaingia kwenye ujenzi. Mwaka huo akapata wazo la kuweka jengo kubwa kwenye kiwanja kile: maduka chini, na juu yake ghorofa tatu za kupangisha. Halmashauri ya mji ikamjibu kwamba barabara ile inaruhusiwa ghorofa moja tu. Akaenda kumwona mhandisi wa mji, Bwana Masalu, kijana mpole aliyezoea kusikiliza akiwa amefumba macho. Masalu akamwambia kwamba jambo hilo lingeweza kuzungumzika. Nyuma ya kiwanja chake kulikuwa na kipande cha ardhi ya mji, kuelekea mtoni. Mji ungempa hicho kipande kwa hati yake ya pekee, na ungemwongezea ghorofa mbili, ili mradi ajenge pale nyuma vyumba vya matofali kwa wale watu waliokuwa wakikaa kiwanjani, kwa kodi ambayo kibarua anaweza kuilipa. Na ghorofa ya pili isimwagwe zege kabla msingi wa vyumba haujachimbwa na kukaguliwa.

Shaibu akakubali. Alimweleza Kamugisha habari hiyo wakiwa wamekaa kwenye ngazi ya lori, wanakula mihogo.

"Usinione walii, Fundi," alimwambia. "Kwa hiari yangu nisingejenga hata choo huko nyuma. Lakini bila vyumba sipati ghorofa. Halafu nyinyi mmekaa juu ya kiwanja. Zamani ningewaletea polisi. Leo nikimgusa yule mama wa samaki, kesho nasimama ofisi ya TANU naitwa mnyonyaji. Na hata hao wapakiaji wangu, wakienda kukaa mbali, nani atapakia lori alfajiri? Kwa hiyo nitajenga. Wewe kazi yako ni kuwaambia wahame kwa muda."

Kamugisha alifurahi. Aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba hakuwahi kufurahia kazi kama ile, kwa sababu kwa mara ya kwanza angejenga nyumba na kukaa ndani yake. Akawakusanya majirani akawaeleza. Wahamie Igoma, kwenye shamba ambalo Shaibu alikuwa amelikodi, wajengewe mabanda ya mabati, na baada ya miezi minane warudi kwenye vyumba vya matofali, viwili kwa kila kaya, vyenye sakafu ya saruji. Wengine walicheka kwa furaha. Paskazia hakucheka. Aliuliza swali moja tu: kipi kitajengwa kwanza, cha mbele au cha nyuma?

"Vyote kwa pamoja," Kamugisha akamjibu.

"Nani anasema?"

"Mimi ndiye nitakayejenga, mama. Nasema mimi."

Wakahama baada ya Pasaka. Shaibu alimwambia Kamugisha abaki mjini kwenye banda la saruji, alinde vifaa. Kamugisha akabaki, lakini akampeleka Josepha Igoma pamoja na wengine, ili mtu asije akasema mjumbe amejipendelea. Alidhani amefanya jambo la haki. Hakujua kwamba alikuwa amemweka mkewe rehani.

Igoma ya siku zile ilikuwa mashamba na mawe tu, na barabara ya Musoma ikipita katikati. Kutoka pale hadi Mlango Mmoja ni mwendo wa saa mbili na zaidi kwa miguu. Wanaume waliokuwa vibarua mjini walianza kuondoka kabla ya jua kuchomoza. Paskazia alijaribu kubeba samaki wake kwenda na kurudi kwa miezi miwili, kisha akaacha, maana wateja wake walikuwa wameshapata mtu mwingine. Akawa analima bustani ya mchicha ya mtu.

Mjini, jengo la mbele lilianza kupanda. Msingi ukachimbwa, nguzo zikasimama, maduka yakapata kuta. Kule nyuma, kwenye kipande cha mji, zilirundikwa kokoto. Kila Kamugisha alipouliza, Shaibu alikuwa na jibu, na mara nyingi lilikuwa la kweli. Saruji ilikuwa inakuja kwa reli kutoka Dar es Salaam, na haikuja yote. Nondo zilichelewa. Benki ilitaka kuona maduka yanasimama. Shaibu alisema waanze na mbele, nyuma hakuna haraka, vile ni vyumba vya chini tu, vitachukua wiki chache.

Miezi minane ikapita. Mvua za vuli zikaanza, na mabanda ya Igoma yakawa yanavuja kwenye kila msumari. Kila Jumapili baada ya ibada Kamugisha alipanda baiskeli kwenda kumwona mkewe. Mwanzoni majirani walimpokea kwa maswali. Baadaye wakapunguza maswali, wakawa wanamsalimu tu. Halafu salamu nazo zikapungua. Siku moja alipita mbele ya banda la Paskazia akamkuta amekaa anachambua mchicha. Akamsalimu. Paskazia akaendelea kuchambua.

Josepha hakuwa mtu wa kulalamika. Siku hiyo alimwandalia chakula, akamsubiri amalize, kisha akasema, "Baba Renatha, kisimani mimi nateka maji nikiwa wa mwisho. Nikifika wa kwanza wananiambia ngoja. Leo ni wiki ya tatu. Wanasema wewe unalala mjini na ghorofa inapanda."

Kamugisha akanawa mikono, akaaga. Njiani kurudi alishuka kwenye baiskeli akaikokota, ingawa barabara ilikuwa tambarare. Alikuwa akipima mambo kama anavyopima ukuta, na kila upande aliouangalia ulikuwa umeziba. Akiacha kazi, Shaibu ataleta msimamizi mwingine ambaye hakumwahidi mtu chochote, na vyumba vitasahaulika kabisa. Akibaki, kila tofali analoliweka mbele linakuwa ushahidi dhidi yake. Akiondoka Mwanza, anakwenda wapi? Na mkewe alikuwa katikati ya watu wale, usiku na mchana.

Ilipofika Januari mwaka wa sabini, ghorofa ya kwanza ilikuwa imekamilika na mbao za kumwagia zege la ghorofa ya pili zilikuwa zimeshapigwa. Shaibu akamwita Kamugisha ndani ya duka mojawapo ambalo halijawekwa mlango. Alikuwa na ramani mpya. Kule nyuma, badala ya vyumba, kulikuwa kumechorwa ghala la ngozi na mahali pa kuegesha malori. Pamoja na ramani kulikuwa na barua iliyokwisha kuchapwa, imebaki sahihi. Ilisema kwamba wapangaji wote kumi na mmoja wamepata makazi Igoma, wameridhika, na hawahitaji tena vyumba. Chini kabisa: Mjumbe wa Nyumba Kumi.

Shaibu hakumtisha. Alizungumza kama mtu aliyechoka. Alisema ameuza nyumba yake ya Isamilo ili kazi ya jengo isikwame, kwamba sasa amebanwa kila upande, kwamba vyumba vile havitamrudishia kitu. Akasema mji hautamsumbua ukiona barua ya mjumbe. Na akasema, ghorofa ya kwanza upande wa barabara, Kamugisha na mkewe watapewa nyumba yao, watakaa humo maisha.

"Josepha atakuwa na bomba ndani," alisema Shaibu.

Kamugisha akaikunja barua akaitia kwenye mfuko wa shati. Ilikaa humo siku nane. Alikuwa akiihisi kila alipoinama. Hakumwonyesha mtu. Aliniambia kwamba mara mbili aliitoa na kalamu akaishika, kwa sababu alikuwa amechoka, na kwa sababu wale watu wa Igoma walikuwa wameshamhukumu. Angepata nini kwa kuwa mwema kwa watu wasiomsalimia? Siku ya tisa alikwenda kwa Masalu bila kumpa barua. Alimwuliza tu kama sharti la kibali lingali pale pale. Masalu akafumba macho yake, akasema sharti lipo. Ila kama watu wenyewe wakisema kwa maandishi hawavitaki vyumba, yeye hana nguvu ya kumlazimisha mtu awajengee.

"Wamesema hivyo, ndugu?" Masalu akamwuliza.

"Hawajasema," Kamugisha akajibu, na akaona kwamba kwa neno hilo moja ameshachagua.

Akarudi kiwanjani. Akamkuta Shaibu anasimamia upakuaji wa saruji, akampa barua yake mbele ya vibarua, haina sahihi.

"Zege la ghorofa ya pili silimwagi, Bwana Shaibu. Msingi wa nyuma haujachimbwa."

Shaibu akamwambia akusanye vyombo vyake. Kamugisha akafunga mwiko na timazi kwenye gunia, akapanda baiskeli hadi Igoma. Hakuwaeleza majirani kilichotokea. Walimwona tu amekuja siku ya kazi, amekaa mlangoni kwa mkewe, na wengine wakadhani amefukuzwa kwa wizi. Hata Josepha alimwuliza kwa sauti ya chini kama ameiba.

Shaibu alitafuta msimamizi mwingine. Wa kwanza alikwenda kumwona Kamugisha Igoma, kama ilivyokuwa desturi ya mafundi, asije akakalia kiti cha mwenzake bila kujua kwa nini kiko wazi. Aliposikia akarudi kwake Nyakato. Wa pili aliletwa kutoka Shinyanga, huyo hakuuliza mtu, akapanga vibarua tayari kwa kazi. Lakini mkaguzi wa mji alipofika akauliza msingi wa nyuma uko wapi, au barua ya mjumbe iko wapi. Hakukuwa na msingi wala barua. Kazi ikasimamishwa. Zile mbao zilinyeshewa mvua wiki nne, zikaanza kupinda.

Mwishoni mwa Februari gari dogo la Shaibu likafika Igoma. Alishuka na viatu vyake vyeusi kwenye matope, akauliza Fundi anakaa wapi. Watu wakasimama kumtazama. Kwenye banda la Kamugisha hakukuwa na kiti cha pili, kwa hiyo Paskazia akaleta kigoda chake mwenyewe, akakiweka, akabaki amesimama pale pale asikilize.

Shaibu alitazama juu kwenye matundu ya misumari. Kisha akasema, "Mbao zinaoza, Fundi. Rudi. Anza na nyuma."

Paskazia ndipo alipofahamu kwa nini mtu huyu alikuwa amekaa mwezi mzima bila kazi. Jioni ile, Josepha alipofika kisimani, walimpisha.

Lakini Shaibu alikuwa na sharti lake, na alilitoa akiwa ameshaingia kwenye gari, kupitia dirishani. Kaya kumi zitapewa vyumba kwa mikataba ya kawaida, kama mji ulivyotaka. Vyumba vya Kamugisha vitakuwa vyumba vya msimamizi. Atakaa humo kwa muda ambao ni mfanyakazi wa Shaibu, na siku kazi ikiisha, makazi nayo yameisha. Alisema hataki kuachwa na jengo nusu kwa mara ya pili. Kamugisha alielewa vizuri sana. Kwa ajili ya wale kumi, yeye mmoja alikuwa anafungwa kamba. Mkataba ulipoletwa akautia sahihi, safari hii bila kuiweka karatasi mfukoni hata siku moja.

Vyumba vilikamilika mwezi wa Agosti. Vilikuwa safu moja ndefu yenye bati jipya, imeipa mgongo mto na kuangalia ua, vimepigwa lipu ndani na nje. Kamugisha alikuwa ameweka msingi wake juu zaidi ya ramani kwa sababu aliyajua mafuriko ya Mirongo. Watu wakarudi kutoka Igoma na vyombo vyao kwenye lori la Shaibu. Paskazia akarudi barabarani na karai lake. Jengo la mbele nalo likamalizika Desemba, na Shaibu, ambaye hakuwa tena na nyumba Isamilo, akahamia ghorofa ya juu kabisa na mkewe Moza. Kamugisha aliendelea kumtumikia. Shaibu alimpa kazi za kurekebisha hiki na kile, na hakukataa hata moja, hata za Jumapili, kwa sababu alijua Shaibu anayo ile karatasi ya vyumba.

Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata, sabini na moja, redio ikatangaza sheria mpya. Majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja yalikuwa yamechukuliwa na serikali. Mlango Mmoja ulijaa watu wakiangalia juu kwenye madirisha ya ghorofa, kana kwamba ingeondoka. Wengi walishangilia. Kamugisha alikuwa na ndoo ya lipu mkononi, akakaa chini.

Jengo la Shaibu likachukuliwa. Fidia ilizungumzwa, na barua zikawa zinakwenda Dar es Salaam na kurudi. Hiyo ni habari yake peke yake. Lakini vile vyumba vya nyuma vilikuwa kwenye hati nyingine, na thamani yake haikufika popote karibu na laki moja. Havikuguswa. Kile ambacho Shaibu alilazimishwa kukijenga ndicho pekee alichobaki nacho.

Juu hakutaka kubaki awe mpangaji kwenye nyumba aliyoijenga. Malori alikuwa ameyauza, kazi ya kumpa fundi hakuwa nayo. Na kwa hiyo, kwa mujibu wa ile karatasi, vyumba viwili vya msimamizi vilikuwa wazi. Katika safu nzima, vilikuwa ndivyo pekee ambavyo angeweza kuvidai.

Alikuja asubuhi, akagonga mlango ulio wazi. Moza alisimama nyuma yake, ameshika taa ya kandili na mkeka. Shaibu alianza kuongea habari za sheria, akakatisha.

Majirani walimwambia Kamugisha asihame. Paskazia, ambaye sasa ndiye alikuwa mjumbe, alisema atalipeleka jambo hilo kwenye tawi la chama na Shaibu hatapata hata kizingiti. Na alikuwa anasema kweli; kwa upepo wa wakati ule, Shaibu asingeshinda. Kamugisha alijua. Alijua pia kwamba ametia sahihi. Na alipomtazama yule mtu pale mlangoni alimwona amebanwa jinsi alivyokuwa amebanwa yeye mwenyewe siku zile za baiskeli, hana pa kurudi wala pa kwenda.

"Vyumba ni viwili," alisema mwishowe. "Na sisi ni nyumba mbili. Ingieni hiki cha mbele."

Josepha akaingia chumba cha ndani akafunga mlango. Alimnunia mumewe mwezi mzima. Simlaumu, na hata Kamugisha mwenyewe hakumlaumu.

Kile chumba cha ndani hakikuwa na mlango wa nje. Kamugisha akauziba kwa matofali mlango uliounganisha vyumba viwili, akavunja dirisha la upande kulifanya mlango. Ulifunguka kwenye kichochoro, na hatua moja mbele yake ulikuwa ukuta wa nyuma wa ghorofa. Jua lilifika humo saa sita, likakaa kidogo, likaondoka. Kupitia ukuta walimsikia Shaibu akikohoa na Moza akimsomea Kurani, na bila shaka nao waliwasikia wao wakiimba tenzi. Wanawake wawili waligombana juu ya kamba ya kuanikia nguo, wakapatana, wakagombana tena. Shaibu hakuomba radhi kamwe. Ila kila mwisho wa mwezi, alipopita kukusanya kodi kwa wale kumi, mlango wa kichochoroni aliuruka.

Kamugisha alipata kazi ya kujenga zahanati na madarasa kwenye vijiji vipya vya Sengerema. Jumatatu alivuka kwa pantoni kutoka Kigongo, Ijumaa akarudi. Aliwajengea watu wengi miaka ile. Mwaka wa sabini na tano Renatha alikuja kutoka Biharamulo, akaona chumba kile chenye giza mchana, akalia, akawaomba wazee wake waende wakakae kwake. Josepha alikuwa tayari. Kamugisha alimsikiliza binti yake hadi mwisho, kisha akamweleza kwamba mzee wa Kihaya hahamii kwa mkwe wake.

"Basi mtakaa hapa mpaka lini, baba?" Renatha akauliza.

Nje, Paskazia alikuwa anawapigia kelele watu waliotupa taka kwenye mtaro. "Hapa napajua," alisema Kamugisha. "Kila tofali najua liliwekwa siku gani."

Renatha alirudi Biharamulo na mama yake, kwa mapumziko ya mwezi mmoja. Josepha alikaa huko miezi mitano. Alipoteremka kwenye basi, Kamugisha alikuwa anamngoja stendi, amevaa shati safi, na hakumwuliza kwa nini amechelewa wala kwa nini amerudi. Alichukua mzigo wake tu, wakashuka pamoja kuelekea mtoni, wakaingia kwenye kichochoro mmoja mmoja, kwa sababu watu wawili hawakutosha kwenda sambamba.